Aliyelalia Sinia

Kila mwenye televisheni mjini alikuwa ameshajua nani kamwekea Bonge dawa, isipokuwa Inspekta aliyepewa kesi yenyewe. Muuza magazeti alisema ni mpishi. Dereva wa gari la polisi alisema ni mpishi. Mkuu wa kituo naye alisema ni mpishi, na kwa kuwa yeye ndiye mkuu, mpishi alilala mahabusu, na kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kujaribu kuua.

"Sinia limetoka jikoni kwake," Mkuu alimwambia Inspekta huku akisaini makaratasi bila kuyasoma. "Mtu kala, mtu kaanguka. Unatafuta nini tena, mama?"

"Natafuta sababu, Afande. Mpishi hana ugomvi na Bonge."

"Sababu atamweleza hakimu. Wewe una leo tu. Wale wa televisheni wananipigia simu kila nikikaa."

Inspekta hakubishana. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mazito, ungedhani ameamshwa sasa hivi, na watu wengi walidanganyika na macho yale wakamwambia mambo ambayo wasingethubutu kumwambia askari mkali. Alimchukua Koplo wake, wakatoka.

Jambo lenyewe lilitokea jana mchana, watazamaji wote wakiona. Bonge na mwenzake, binti mwembamba ambaye watu wanamwita Kijiko, ndio waendeshaji wa kipindi cha Maliza Sinia. Kila wiki huingia mgahawa mmoja na kupikiwa sinia moja kubwa la kutosha kulisha harusi. Hukaa huku na huku, mstari wa karoti ukipita katikati, kila mmoja akila upande wake. Anayemaliza kwanza ndiye bingwa wa wiki. Kipindi hurushwa moja kwa moja, kwa hiyo hakuna cha kukata wala kuficha.

Jana Bonge alinawa mikono huku akipiga miayo, na watazamaji wakacheka. Alikula wali kidogo na paja moja la kuku, akapiga mwayo mwingine, kisha uso wake ukashuka polepole mpaka ukazama kwenye wali. Hapo ndipo watu walipoacha kucheka, maana mtu alikuwa anavuta wali puani badala ya hewa. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, ndugu zake wangekuwa wanatafuta sanda. Katika damu yake walikuta dawa ya usingizi, tena nyingi.

"Mke wangu jana hakupika," Koplo alisema garini, ameshika usukani kwa kisirani. "Kalia mpaka kwikwi. Mimi nililazwa kwa ajili ya mguu, hakutoa hata chozi."

"Ulilia wewe kwa niaba yake."

"Cheka tu, Afande. Kila wiki naambiwa, mtazame mwenzio anavyokula, wewe sahani moja unaacha nusu. Nikimpata aliyemwekea dawa nitamfunga pingu, ila nitazifunga taratibu zisimwumize."

*

Mama Sufuria, mwenye mgahawa, aliwasubiri nje ya mlango wake mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, kufuli la polisi likining'inia juu ya kichwa chake. Mpishi alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Walirithi sufuria chache kwa mama yao na kutokana na hizo wakasimamisha mgahawa. Hakusalimia.

"Mdogo wangu kala?"

"Kala," Inspekta alisema.

"Kala nini?"

"Chai na mkate."

"Mtu aliyeshibisha mtaa mzima." Alinyanyuka, akakung'uta gauni. "Fungueni, muingie. Ila mkitaka mwenye roho mbaya msimtafute humu. Tazameni ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgahawa mwingine, mkubwa kuliko huu, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Kipindi kilikuwa kiende kwake," Mama Sufuria alisema. "Walipoonja mapishi ya mdogo wangu wakaja kwangu. Tangu siku hiyo salamu yangu haipokei. Jana gari la wagonjwa lilipofika, yule bwana alipiga makofi. Nimemsikia kwa masikio haya."

Inspekta alimtuma Koplo avuke. Koplo alirudi na uso uliokunjamana.

"Wivu anao, tena anaukiri hadharani. Anasema alimwomba Mungu sinia liungue. Lakini jana hakutoka kwenye kaunta yake tangu asubuhi, wateja wake wote mashahidi. Wakati Bonge anaanguka alikuwa amesimama mbele ya televisheni akimzomea."

"Kuomba chakula cha jirani kiungue si kosa la jinai," Inspekta alisema. "Twende ndani."

Jikoni hakukaa. Sufuria zilikwisha chukuliwa na watu wa maabara, na majibu yangechukua siku ambazo mpishi hakuwa nazo. Kilichomsumbua ni ile miayo. Daktari alimweleza kuwa dawa kama ile haimkamati mtu papo hapo. Inataka muda wa mtu kuoga na kuvaa. Bonge alipiga mwayo wa kwanza wakati wa kunawa.

"Mtu hasinzii kwa chakula ambacho bado hajala," alimwambia Koplo. "Mama, kabla ya kipindi kuanza hawa wageni wako walikaa wapi?"

"Stoo. Niliwaambia wakae mezani kama watu, wakakataa. Waliingia Bonge, Kijiko na yule mpiga picha wao, wakafunga mlango. Nikajua wanasali."

Stoo ilikuwa chumba chembamba nyuma ya jiko, magunia ya viazi upande mmoja, vitunguu upande mwingine, na benchi moja la mbao. Inspekta alikaa kwenye benchi. Kisha akapiga magoti, jambo ambalo Koplo alilichukia kwa sababu ilimbidi naye apige magoti. Nyuma ya gunia la vitunguu waliokota vipande viwili vya tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme. Kila kimoja kilikuwa kimejikunja duara, kikiwa kimechanwa sehemu moja tu kwa kisu.

"Kuna fundi umeme aliyeingia humu?"

"Hakuna," Mama Sufuria alisema. "Taa yenyewe imekufa toka mwaka jana."

"Walikuja na nini mkononi?"

"Chupa mbili za chai, hizi za kutunza joto. Moja ya bluu, moja nyekundu. Nilidhani ni chai, nikaudhika. Mtu unakuja kula kwangu na chai yako?"

"Ziko wapi?"

"Mke wa Bonge kazichukua. Mumewe wanamwingiza kwenye gari la wagonjwa, yeye akarudi ndani mbio, akapita kama upepo mpaka stoo, akatoka nazo. Mimi sikumlaumu. Mwanamke na vyombo vyake."

Inspekta alizitia zile tepu ndani ya bahasha. Mama Sufuria alimsogelea.

"Afande, tuongee kama wanawake. Huyu mdogo wangu mkimfikisha mahakamani kesho, hata akirudi hakuna mtu atakayekula mkononi mwake tena. Unanielewa? Hatarudi kuwa mpishi. Atarudi kuwa yule aliyewekea watu dawa."

"Nakuelewa, mama."

"Basi usinisalimie kwa upole. Fanya kazi."

*

Studio za kipindi zilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitanda. Ukutani kwenye ngazi walibandika picha ya Bonge na Kijiko: Bonge kajaza picha nzima, Kijiko kaonekana pembeni, bega moja limekatwa na fremu. Mtu alikuwa amechora masharubu ya kalamu kwenye uso wa Bonge. Koplo alisimama hapo kidogo, akapendezwa.

Mpiga picha walimkuta akifuta lenzi zake. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, na mwenye aibu ya mtu mwenye siri.

"Ulilala vizuri jana?" Inspekta alimwuliza.

"Sikulala kabisa. Mtu kaanguka mbele ya kamera yangu."

"Hukuona usingizi hata kidogo? Mchana? Jioni?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Kwa sababu kwenye picha za kipindi upande wa Kijiko una mapaja mawili ya kuku mbele, na wa Bonge liko moja. Pengo limezibwa na viazi."

Mpiga picha aliiweka lenzi chini polepole. "Nani kakwambia?"

"Nimetazama mkanda wako. Unapiga picha nzuri."

"Afande, miaka minne nawapiga hawa watu wakila," alisema, na sauti ikapanda. "Minne. Kamera begani, mate mdomoni. Yeye anakula, anasifiwa kwa kula, mimi nakwenda nyumbani nakula maharage. Kwa hiyo nikipanga taa huwa najimegea. Siku zote upande wa Bonge, kwa sababu Kijiko ananitazama. Jana nilikula paja na wali wa chini yake, wa kushiba. Mkinifunga kwa hilo nifungeni."

"Ulikula kabla ya Bonge, ukala zaidi ya Bonge, na hukusinzia," Inspekta alisema. "Umemtoa mpishi robo tatu ya mlango. Sasa nitolee robo iliyobaki." Akamwaga zile tepu mezani. "Hizi ni za nini?"

Mpiga picha alizitazama, akatikisa kichwa. "Hilo mwulize Kijiko. Mimi niliapishwa."

Kijiko alikuwa chumba cha vipodozi, peke yake mbele ya kioo, hajajipaka kitu. Kwenye televisheni alikuwa mcheshi, mwenye kumpangusa Bonge mdomo kwa leso na kumwita kaka yangu. Hapa alikuwa msichana mchovu mwenye kucha zilizotafunwa.

"Mmekuja kunikamata," alisema.

"Kuna sababu?"

"Watu wote wanajua tunagombea nafasi. Mkataba mpya ni wa mtu mmoja, kituo kimesema hakina uwezo wa wawili. Akianguka yeye, nabaki mimi." Alizitazama tepu mkononi mwa Inspekta, akafumba macho. "Mmeziokota."

"Niambie."

Alisema kwamba hakuna binadamu anayemaliza sinia lile kwa tumbo la kawaida. Kabla ya kipindi kila mmoja hunywa chupa nzima ya maji ya uvuguvugu, tumbo lifunguke, lipate nafasi. Watazamaji hawajui, wanadhani ni kipaji. Maji huchemshwa na mke wa Bonge, chungu kimoja, chupa mbili. Ya bluu ya mumewe, nyekundu ya Kijiko.

"Na wewe ukakubali kunywa maji yaliyochemshwa kwa mshindani wako?"

"Ndiyo maana ya tepu," Kijiko alisema. "Mwanzoni tulinywa hivi hivi. Halafu wiki moja tumbo likanikata katikati ya kipindi, nikamwambia umeniwekea kitu. Wiki nyingine yeye akaharisha, akaniambia wewe ndiye. Tukakaa tukaandikiana sheria kama maadui. Maji yatoke chungu kimoja. Vifuniko vizungushiwe tepu huko huko nyumbani kwake. Zikifika, mpiga picha ndiye anayezikata, sisi wote tunaona kuwa hazijaguswa. Kisha tunabadilishana. Mimi nakunywa ya bluu, yeye anakunywa nyekundu. Mbele ya macho ya kila mmoja, mpaka tone la mwisho. Kama kaniwekea kitu, atakinywa mwenyewe."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, huu mwaka wa pili. Halafu tunatoka nje nampangusa mdomo."

Mpiga picha alikuwa amesimama mlangoni. "Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye mkataji. Jana zote mbili zilikuwa nzima, nimezikagua. Wale wawili hawaachiani hata kijiti cha meno, Afande."

"Mke wa Bonge anajua kwamba mnabadilishana?"

Kijiko alicheka bila furaha. "Amwambie nini? Kwamba jitu zima lile linaogopa maji ya msichana? Alimwambia tepu ni ya kuzuia maji yasimwagike garini."

Waliporudi kwenye gari Koplo alikuwa amekwisha funga kesi. "Ni Kijiko, Afande. Chupa nyekundu ni yake, alijua Bonge ndiye atakayeinywa. Kaweka dawa kwenye ya kwake. Akili hiyo."

"Ameiweka lini? Chupa imetoka kwa Bonge imefungwa tepu, imekuja na Bonge garini, imekatwa na mpiga picha. Mkono wa Kijiko umeigusa wakati wa kumkabidhi mwenzake tu."

"Basi Bonge mwenyewe."

"Halafu akainywa? Angetaka kumlaza Kijiko angeweka kwenye ya bluu."

Koplo aliwasha gari, akalizima tena. "Aliyeweka dawa kwenye nyekundu alitaka Kijiko ndiye alale."

"Ndiyo. Na hakujua kwamba wanabadilishana. Sasa niambie, kati ya walioshika chupa hizo, ni nani peke yake ambaye hakujua."

Koplo aliliwasha tena, akaendesha mpaka hospitali. Alipozima gari akasema, "Na chupa alizifuata mbio."

"Na bila shaka ameziosha. Hatuna kitu mkononi, Koplo. Tuna tepu mbili na maneno."

*

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Bonge alilazwa chumba cha peke yake, amejaa kitanda, mpira wa hewa puani, macho yamefungwa. Mkewe alikaa kando, amevaa nguo nzuri kuliko za hospitali, mkoba mapajani. Alikuwa mzuri, wa uzuri uliokosa kulala.

"Shikamoo, Afande," alisema, ingawa umri wao ulikuwa mmoja.

"Hatuna haja ya shikamoo, dada, sisi ni rika. Anaendeleaje?"

"Anafungua macho, anafumba. Muuguzi kasema leo ataongea." Alimpangusa mumewe paji la uso. "Yule mpishi kesha kiri?"

"Bado. Na wewe unaonekana umechoka. Unalala?"

"Mimi? Nina mwaka sijui usingizi."

"Daktari hakukupa kitu?"

"Kanipa vi..." alisema, akaacha. Mkono ukabaki kwenye paji la uso la mumewe. "Kanipa ushauri."

Inspekta alivuta kiti kingine, akaketi bila haraka. Koplo alisimama mlangoni.

"Niambie kuhusu Kijiko," Inspekta alisema.

Kama alidhani atapata jibu fupi, alikosea. Ilikuwa kama mtu kafungua bomba. Mke wa Bonge alisema kwamba yeye ameolewa na huyu mwanamume kabla hajawa na kitambi wala jina. Kwamba alimpikia, akamfunza kutafuna, akamtia moyo aende kwenye mashindano ya kwanza. Halafu akaletwa yule binti, kifua kama ubao, na kila wiki mbele ya watu anamshika mumewe mdomo. Nyumbani majirani wanamwuliza, shoga, hujali? Anajibu hajali. Marudio ya kipindi anayatazama yote, anahesabu leso.

"Na kila wiki mume wangu ananiambia, mchemshie na mwenzangu," alisema. "Mwenzangu! Mimi mwanamke wa ndoa, nimesimama kwenye jiko langu, nachemsha maji ya mwanamke mwingine. Usiku najilaza, namsikia huyu anageuka, anashusha pumzi. Mara analitaja jina lake, polepole, akidhani nimelala. Wewe ungelala?"

"Nisingelala," Inspekta alisema, na ilikuwa kweli.

"Basi."

"Jana ulikwenda kwenye kipindi. Mama mwenye mgahawa alikuona. Huwa huendi."

"Nilitaka kubadilisha hewa."

"Ulikaa mbele kabisa. Mume wako alipoanza kupiga miayo ulisimama kabla ya mtu yeyote. Kwenye mkanda unaonekana. Wengine wanacheka, wewe umesimama."

Mke wa Bonge alifunga zipu ya mkoba wake, akaifungua.

"Chupa nyekundu ni ya nani, dada?"

"Ya yule."

"Mume wako ndiye aliyeinywa."

Alimtazama Inspekta kana kwamba hakusikia. Kisha uso wake ukajaa damu, na kilichotoka hakikuwa woga.

"Mpaka chupa," alisema. "Mpaka chupa wanakunywa moja. Mbele yangu leso, nyuma ya mlango wanabadilishana midomo. Na mnaniambia mimi nina wivu wa bure."

"Wanabadilishana kwa sababu hawaaminiani. Kila mmoja anaogopa mwenzake atamwekea kitu. Ndiyo kazi ya ile tepu uliyokuwa unaizungusha."

"Tepu ni ya gari."

"Tepu ni ya uadui, dada. Mumeo hana mapenzi na yule binti. Hana hata imani naye ya kunywa maji."

"Wewe ni polisi, umekuja kunitega." Alinyoosha mgongo. "Yule mpishi ndiye aliyeweka. Chupa zangu nimeziosha, ziko kabatini, nendeni mkazinuse. Mna ushahidi gani?"

"Sina," Inspekta alisema. Koplo alimtazama kwa mshangao, lakini yeye aliendelea kwa sauti ile ile ya usingizi. "Nina mpishi ambaye hakufanya kitu na kesho asubuhi anapelekwa mahakamani. Ana dada anayemngoja nje ya mlango uliofungwa. Hata akiachiwa baadaye, mikono yake haitaliwa tena. Wewe umemlisha mtu maisha yako yote, unajua maana yake. Hicho ndicho nilicho nacho."

Mke wa Bonge aliinamisha kichwa. Aliibana midomo, ikabanika. Ilionekana kwamba hasemi, wala hatasema kesho, na mpishi ataondoka na gari la asubuhi.

Kitandani kitu kizito kilijigeuza. Bonge alikuwa amefungua macho. Alikohoa, akamtazama mkewe, akamtazama Inspekta, akatazama dari kama mtu anayetafuta saa. Mkewe aliruka, akamshika mkono.

"Baba watoto. Niko hapa."

Bonge alijaribu kumeza. Sauti ilimtoka nyembamba, haikulingana na mwili ule.

"Kijiko," alisema.

Mkewe aliuachia mkono.

"Kijiko alimaliza?" Bonge aliuliza. "Upande wake. Aliumaliza?"

Inspekta alisogea. "Alibakiza kidogo. Walimsimamisha."

"Basi hakushinda." Bonge alishusha pumzi ndefu, uso wote ukalegea kwa raha. "Hakushinda. Mmemkamata? Mkamateni. Chupa ilikuwa yake. Nilijua siku moja atanifanyia, ndiyo maana nikataka tubadilishane, sikujua atatia kwenye ya kwake. Msichana mbaya yule. Anakula kuliko mimi. Watu hawajui, ila mimi najua, namwona kila wiki, anaongeza." Akageuza kichwa kwa mkewe, na kwa mara ya kwanza akamwona sawasawa. "Mama watoto, sikukwambia, niliona aibu. Kwa ajili ya yule mtoto huu ni mwaka silali. Nalala hapo kando yako nawaza tu yeye atanipita lini."

Muuguzi aliingia, akamwambia mgonjwa anyamaze. Bonge alinyamaza. Macho yakajifunga tena, na mara hii akakoroma.

Mke wa Bonge alibaki amesimama kati ya kitanda na kiti. Aliuangalia mkono wake uliokuwa umemshika mumewe, akaupangusa kwenye nguo.

"Na mimi hapo hapo kando yake," alisema. "Macho."

"Ndiyo," Inspekta alisema.

"Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja, wote tuko macho, wote tunamuwaza mtu mmoja. Hakuna aliyemgeukia mwenzake akamwuliza una nini." Alikaa. Alifungua mkoba, akatoa kichupa cha vidonge, kitupu, akakiweka kwenye mapaja ya Inspekta kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. "Nilitaka asinzie tu mbele ya watu. Yule. Achekwe na watu, aone aibu aliyonitia. Nilivisaga vyote maana nilijua anakunywa kidogo, mwembamba vile."

Inspekta hakugusa kichupa mpaka Koplo alipoleta bahasha.

"Naweza kukaa mpaka aamke tena?" mke wa Bonge aliuliza.

"Unaweza."

Alimtazama mumewe anavyokoroma. Baadaye akamvutia shuka mpaka kifuani, akajifuta macho kwa kiganja, akageuka.

"Sikai," alisema. "Akiamka ataniuliza tena habari za sinia. Twende, Afande. Mpigie mkuu wako simu, mpishi wa watu aende nyumbani akale."